Maneno ya Mzee wa Kilwa

Barua ya kunipa kazi ilitoka nikiwa nimeshaacha kuingojea. Nilikuwa nimefanya mtihani wa makarani wa mahakama pamoja na vijana wengi waliomaliza sheria kama mimi, kisha kukawa kimya kirefu, nami nikaenda kufundisha Kifaransa katika shule moja ya msingi pale Hewa Bora, mtaa wa Lubumbashi niliozaliwa. Siku hiyo nilikuwa uani nachambua sombe, majani ya muhogo. Mwenzangu mmoja wa chuo akaingia bila kupiga hodi.

"Jina yako iko ku ukuta," akasema. "Babandika liste leo asubui. Uko wa nane."

"Usinicheze."

"Twende uone na macho yako."

Tulikwenda mjini, vidole vyangu vikiwa bado vya kijani. Jina lilikuwepo, herufi zote mahali pake, na mbele ya jina cheo cha karani wa mahakama, ambacho huku kwetu kila mtu anakiita grefie. Nilisoma mara tatu. Nyuma yangu watu walikuwa wanasukumana, kila mmoja akitafuta jina lake, na mwanamume mmoja ambaye hakulikuta lake alinipa mkono, akanipongeza kama ndugu. Sijamsahau.

Baba yangu ni fundi wa kushona. Watu wetu walitoka Maniema tangu enzi za babu yake, na nyumbani sisi ni Waislamu, kwa hiyo maisha yake yote ameshona kanzu, na mashati ya shule wakati wa masomo kuanza. Aliposikia kwamba karani anavaa joho jeusi siku ya kiapo, alikataa kabisa linunuliwe. Hakuwahi kushona joho. Nilimwomba karani mkuu wa mahakama niliyopangiwa aniazime lake la zamani kwa siku moja, baba akalitandaza mezani, akaligeuza ndani nje, akalipima kila upande, akatikisa kichwa.

"Fundi wa hili alikuwa mwizi wa kitambaa," akasema.

Langu lilitoka pana, na mikono yake ilikunjika mara mbili kabla ya kufika kwenye kiganja. Akanivalisha mwenyewe, akapiga goti kupima pindo, na hapo chini, pini zikiwa mdomoni, akaniambia jambo ambalo naona alikuwa amelifikiria siku nyingi. Kila mtu, alisema, ana malaika wawili wanaoandika anayoyatenda na anayoyasema. Hawaongezi, hawapunguzi. "Wewe sasa umepewa kazi inayofanana na yao. Jihadhari, binti yangu."

Niliapa nikiwa nimeinua mkono wa kulia mbele ya mahakimu watatu, na sauti yangu ilitoka ndogo kiasi kwamba mmoja wao aliniomba nirudie. Mama alikuwa nyuma ya chumba. Tulipotoka kwenye veranda aliniuliza, huku akijifuta machozi, kama kweli kazi yenyewe ni kuandika tu. Nikamjibu ndiyo, ni kuandika tu. Wakati ule niliamini hivyo.

Karani mkuu aliyeniazima joho alikuwa mzee mwembamba anayevaa sweta hata mwezi wa kumi, joto linapochoma. Alinikalisha mbele yake wiki nzima kabla ya kuniruhusu kuingia kwenye kikao. Alinionyesha vitabu vya kuandikishia kesi, namna ya kushona faili kwa uzi ili karatasi isipotee, namna ya kuita kesi kwa sauti inayofika mpaka nje chini ya miti walikokaa watu. Alinifundisha kwamba hukumu isiyo na sahihi ya karani si hukumu, hata kama hakimu ameisaini kwa wino wa dhahabu.

"Juji anakata, avoka anasema, siye tunaandika," aliniambia; juji ni hakimu, avoka ni wakili. "Kama hatukuandika, ni kama hakuna mwenye alisema."

Lakini ugumu wenyewe hakunieleza, nadhani kwa sababu yeye alikuwa ameuzoea mpaka hauoni tena. Watu wanaokuja mbele yetu wanasema Kiswahili chetu cha Lubumbashi, na wengine wanachanganya na Kibemba au Kiluba. Daftari la kikao linaandikwa kwa Kifaransa. Kati ya mdomo wa mtu na karatasi yupo karani, kalamu mkononi, anasikiliza kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine, na mtu wa tatu ameshaanza kusema. Hakimu niliyefanya naye kazi alitoka magharibi ya nchi. Lugha yake ilikuwa Kilingala. Kiswahili alikuwa anakiokota polepole, sokoni na kwa dereva wake, na mahakamani alinitegemea mimi. Shahidi akisema, mimi nilimgeuzia hakimu kwa Kifaransa kwa sauti, kisha nikaandika nilichokigeuza.

Nilikuwa mwepesi. Lazima niseme hilo, kwa sababu ndilo lililoniponza. Mawakili walinisifu kwamba kwangu kesi hazilali. Nami nilipenda kusifiwa.

Katika mwaka wangu wa tatu ilikuja kesi ya mjane mmoja, muuza samaki wakavu. Mumewe, dereva wa malori, alikuwa amefariki kwa ugonjwa, na hawakuwa wamepata mtoto. Wadogo wa marehemu, wa baba mmoja lakini mama mbalimbali, walitaka atoke katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe. Walisema hakuwa mke. Alikuwa ameishi naye tu, kama wengi wanavyoishi, na ndoa haikuandikwa popote. Mama huyo hakuwa na karatasi hata moja. Alichokuwa nacho ni shahidi: mzee wa Kilwa, hii ya kwetu Kongo, mvuvi wa ziwa la Mweru, aliyesema kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyepeleka mahari kwa wazazi wa bibi harusi.

Mzee huyo alifika siku ya mvua. Alikuwa amevaa koti kubwa la mtu mwingine, na kofia ameishika kwa mikono miwili. Barabara ya Kilwa mnaijua ilivyo. Alikuwa njiani siku nne. Mvua ilipiga mabati ya paa mpaka tukawa tunapiga kelele ili kusikilizana, na nje kulikuwa bado kuna kesi kumi na kitu zinangoja. Hakimu alimuuliza anamjua vipi marehemu.

Mzee akajibu: "Marehemu ni mutoto yangu. Mutoto wa kwa dada. Miye njo nilimukomalisha."

Yaani yeye ndiye aliyemlea mpaka akawa mkubwa. Nilimgeukia hakimu nikasema kwa Kifaransa kwamba marehemu ni mwanawe, alimlea yeye. Kisha nikaandika hivyo: *mon fils*, mwanangu. Nataka kuwa mkweli hapa, maana mara nyingi nimejaribiwa kuisingizia mvua. Nilisikia. Maneno yale matatu, wa kwa dada, niliyasikia vizuri. Niliyaacha kwa sababu sikuona yanaongeza nini. Kwetu mtoto wa dada yako ni mtoto wako, hakuna anayeuliza zaidi, na mimi nilikuwa na haraka.

Mzee aliendelea kueleza mahari: jembe, vitenge, mbuzi aliyetoroka njiani akakimbizwa na kijiji kizima. Hata hakimu alicheka nilipomgeuzia hilo. Mwishoni nilipaswa kumsomea shahidi maneno yake kabla hajaweka sahihi. Sikumsomea. Nilimwonyesha mahali, akaandika jina lake kwa herufi kubwa kubwa, akatoka, na kesho yake akapanda lori kurudi ziwani.

Wiki tatu baadaye, katika kikao cha mwisho cha kesi hiyo, wakili wa wale wadogo alisimama akiwa ameshika kitambulisho cha marehemu. Alisoma jina la baba lililoandikwa humo. Kisha akasoma kutoka katika daftari letu sentensi yangu.

"Bwana Prezida," akamwambia hakimu, "baba ya marehemu alikuwa mtu mwingine kabisa, na ameshakufa. Huyu shahidi aliapa mbele yako akajiita baba yake. Mtu anayedanganya juu ya damu, tumwamini vipi juu ya mahari?"

Mjane hakuelewa Kifaransa hicho. Aliniangalia mimi, kwa sababu ndimi pekee mle ndani aliyezoea kunisikia nikimgeuzia mambo, akangoja nimwambie kimesemwa nini. Nilimgeuzia. Nikaona uso wake unavyobadilika. "Lakini ule ni mwomba wake," alisema polepole. Mwomba ndiye mjomba. "Alisema vile. Sisi bote tulisikia."

Wakili alisema kilichoandikwa kimeandikwa, na shahidi alitia sahihi. Hakimu akafunga faili, akatangaza kwamba hukumu itatoka baada ya siku nane.

Sikula siku hiyo. Kulikuwa na karani mwenzangu tuliyekaa naye meza moja, mtu mwema, ambaye alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema kwa sauti ya chini: "Toa tu ile ukurasa. Andika ingine. Faili iko kwako, nani atajua?" Sitamlaumu. Alitaka kunisaidia, na kwa muda nilikaa nimeshika uzi wa faili kwa vidole viwili. Ningeufungua, ningeandika mwanangu wa kwa dada, ningeushona tena. Ingekuwa kweli. Lakini ingekuwa kweli iliyoandikwa na mtu mwizi, na ile sahihi ya mzee, zile herufi kubwa kubwa, nani angeiweka? Ningelazimika kuiiga.

Niliuachia uzi, nikaenda kwa karani mkuu.

Alinisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza akaniuliza jambo moja tu. "Ulisikia, ao haukusikia?"

"Nilisikia, Papa."

"Bon." Alifumbua macho. "Wanaweza kukutoa mu kazi, unajua?"

"Najua."

"Ule mama wanaweza kumutoa mu nyumba. Enda kwa juji kesho asubui, mbele ya kikao. Usianze na mvua. Anza na weye."

Nilifanya alivyosema. Hakimu alikuwa anavua koti lake nilipoingia. Nilisimama mbele ya meza yake nikasema, kwa Kifaransa nilichokuwa nimekirudia njia nzima kwenye teksi, kwamba shahidi wa Kilwa hakudanganya, aliyekosea ni mimi, na kwamba kosa halikuwa la masikio bali la uvivu. Nilikuwa tayari kwa kelele zake. Yeye alitundika koti, akaketi.

"Tangu nifike hapa," alisema hatimaye, "ni mara ngapi nimehukumu watu kwa maneno yako?"

Alivuta karatasi nyeupe, akaisukuma upande wangu. "Kaa. Andika. Andika alichosema yeye, na ulichoandika wewe, na kwa nini. Weka sahihi."

Nimeandika kurasa nyingi katika kazi hii, lakini hiyo ndiyo ndefu kuliko zote, ingawa haikujaa nusu.

Hakimu aliifungua kesi upya. Siku aliposoma karatasi yangu mbele ya watu wote, wakili wa wale wadogo aliruka. Alisema karani amenunuliwa. Alisema hayo akininyooshea kidole, na chumba kizima kikageuka kunitazama, mimi na joho langu pana. Nilitaka kulia. Nilishika kalamu, na kwa kuwa kila linalosemwa kikaoni ni lazima liandikwe, niliandika: wakili anasema karani amenunuliwa. Hakimu aliinama, akasoma nilichoandika, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile nikaona uso wake umelegea.

"Tutamsikia shahidi," akasema. "Aitwe tena."

Kumwita mtu wa Kilwa msimu wa mvua si jambo la kusema tu. Barua ilikwenda na dereva wa lori la samaki. Kikao cha kwanza hakufika. Cha pili hakufika, na wakili akaanza kusema mzee amekimbia. Mjane alikuja kila mara, akakaa benchi la mbele, na kila mara aliponipita alinisalimu. Sikujua kama ananisamehe au ananikumbusha. Nyumbani baba aliniona nimekonda. Nilimweleza yote. Nilitarajia atanikumbusha maneno aliyoniambia akipima pindo, lakini hakuyataja. Aliniuliza tu kama nimeshakula, akamwambia mama apashe moto bukari, ugali wetu.

Kikao cha tatu mzee alifika. Alikuwa na matope mpaka magotini, na mfuko wa samaki wa kukaushwa aliomletea mjane, ambao polisi wa mlangoni alimzuia kuingia nao, kisha akakubali ukae chini ya benchi la nyuma. Chumba kizima kilinuka ziwa. Safari hii hakimu alimwomba aseme polepole, sentensi moja moja. Nami niliandika kila sentensi kwa Kiswahili chake kwanza, jinsi ilivyotoka mdomoni mwake, ndipo chini yake nikaandika Kifaransa.

"Marehemu alikuwa nani kwako?"

"Mutoto yangu."

"Ulimzaa wewe?"

Mzee alishangaa swali. "Apana. Mama yake njo dada yangu, tumbo moja. Baba yake alikufa, mutoto angali mudogo. Nikamubeba. Nikamukomalisha na batoto bangu."

Wakili akasimama. "Kwa hiyo mara ya kwanza ulidanganya."

"Mara ya kwanza nilisema vilevile," mzee akajibu. "Muulize ule mama mwenye kuandika. Alikuwa hapa."

Hakimu akanigeukia. Karani haulizwi katika kikao. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza na mpaka leo ya mwisho. Nilisimama. Nikasema kwa Kiswahili, ili mzee na mjane wasihitaji mtu wa kuwageuzia: "Ni kweli, Papa. Ulisema mutoto wa kwa dada. Mimi niliandika mutoto yako tu, kama vile ulimuzaa. Naomba unisamehe."

Mzee alinitazama akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayejaribu kuelewa shida iko wapi hasa. Kisha akatabasamu, na nikaona hana meno ya mbele.

"Uliandika mutoto yangu?" akasema. "Basi haiko mubaya, mama. Ni mutoto yangu."

Kuna mtu alicheka nyuma, mwingine akashangilia, hakimu akagonga meza. Nilikaa chini haraka. Nikaandika na hayo pia.

Hukumu ilitoka siku chache baadaye. Mahakama ilikubali kwamba mahari ilipelekwa na kupokelewa, kwamba mama yule alikuwa mke, na kwamba ataendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Wale wadogo walipewa sehemu yao katika mali nyingine iliyobaki. Hawakukata rufaa. Mmoja wao, yule mdogo kabisa, alikuja baadaye kumsaidia shemeji yake kuezeka upya upande uliokuwa unavuja. Nililisikia hilo sokoni, sikuliona kwa macho.

Mimi nilipewa onyo la maandishi, ambalo limo katika faili langu la kazi na litabaki humo. Nilifikiri hakimu ataomba karani mwingine. Hakuomba. Ila tangu siku hiyo alianzisha utaratibu wake: kila shahidi akimaliza, mimi nasoma kwa sauti nilichoandika, kwa Kiswahili, na hakimu anamtazama shahidi usoni, siyo mimi. "Ni hivyo ulivyosema?" Watu wakishaona kweli wanaruhusiwa kurekebisha, wanarekebisha. Mama mmoja alinirudisha nyuma mara tano juu ya rangi ya mlango. Kesi zetu sasa zinalala kidogo. Mawakili wananung'unika. Hakimu huyo amehamishwa mkoa mwingine, na yule aliyemfuata aliukuta utaratibu huo akadhani ndivyo sheria inavyosema, nasi hatukumwambia vinginevyo. Kweli kwa sehemu ndivyo inavyosema. Ni sisi tuliokuwa tumesahau.

Karani mkuu amestaafu. Mwaka huu wameajiriwa makarani wapya, na wawili wamekalishwa mbele yangu, kijana mmoja na msichana mmoja anayeandika upesi kuliko mimi enzi zangu. Nimewaonyesha uzi na vitabu. Nimewapa pia, siku ya kwanza, nakala ya karatasi ile niliyoandika kwenye meza ya hakimu, waisome mbele yangu. Kijana aliona aibu kwa niaba yangu, hakuinua macho. Msichana aliisoma mara mbili, akauliza:

"Na weye uliogopa?"

"Sana," nikamwambia.

Akafikiri kidogo, akatoa daftari lake. Aliniomba nimtajie majina yote ya ndugu tunayotumia huku, ya upande wa baba na ya upande wa mama, ili ayaandike na maana zake kwa Kifaransa. Tulianza saa nne. Saa sita bado tulikuwa hatujafika kwa mashemeji, na polisi wa mlangoni, ambaye ni Mbemba, alikuwa ameshaingia kuturekebisha.